Miksa ipi itatufaa, na fundi wetu nitamwambia nini?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke, ninaendesha ukumbi mdogo pamoja na mdogo wangu wa kiume. Watu tisini wakikaa, umejaa. Katikati ya wiki tunapokea mikutano na semina, na mwisho wa wiki ni zamu ya washairi, kwaya ndogondogo na bendi za watu wanne watano. Hatujatajirika kwa kazi hii, lakini tunaipenda, na watu wametuzoea.

Shida yangu ni miksa, ile mashine ya kuchanganya na kupima sauti za maiki na vyombo. Najua wengi hukuandikia kuhusu bendi zilizovunjika na malipo yasiyofika, na nilisita kukuletea habari ya mashine. Lakini mashine yenyewe imeingia kati yetu, na usingizi umeniruka.

Miksa tuliyonayo ni ndogo, ya analogi, na tuliikuta ukumbini tulipoupanga. Chaneli mbili, yaani njia za kuingizia sauti, zimekufa, na nyingine inakata sauti mpaka uigonge ubavuni. Kwamba inabidi ibadilishwe, hatubishani. Tunabishana kuhusu ije ipi.

Mdogo wangu anataka ya kidijitali. Si zile zenye meza ya nobu, bali lile sanduku linalowekwa jukwaani, halafu unaliendesha kwa kishikwambi ukiwa umekaa popote. Anasema ukihesabu chaneli zake na vitu vilivyomo ndani, hakuna miksa itakayokupa zaidi kwa bei hiyo. Yeye ana ajira yake kwingine, kwa hiyo huja mwisho wa wiki tu.

Fundi wetu wa mitambo ni mzee mmoja ambaye tuko naye tangu ukumbi ufunguliwe. Hatumlipi anavyostahili, na kuna siku anakuja kwa mapenzi tu. Akisikia habari ya kishikwambi anatikisa kichwa. "Binti yangu," aliniambia, "mimi sauti naishika kwa vidole. Nikianza kuitafuta kwenye kioo, mluzi utakuwa umeshawamaliza watu." Yeye anataka miksa ndogo mpya ya analogi, imeandikwa chaneli kumi na mbili, basi.

Halafu kuna jamaa tunayefahamiana naye, bendi yake imevunjika na anauza vyombo. Ana miksa kubwa ya mtumba, chaneli 24, na anaitoa kwa bei ya chini kuliko hiyo ndogo mpya. Kila nikiitazama nawaza, je, si ndiyo itakayotutosha hata tukikua?

Nikueleze na yanayotusumbua, labda yatakusaidia kunishauri. La kwanza ni mluzi. Majuzi binti mmoja alikuwa akisoma shairi kuhusu mama yake, kwa sauti ya chini, ya upole. Mzee akampandisha kidogo ili wa nyuma wasikie, spika zikapiga mluzi mpaka watu wakaziba masikio. Akamshusha, hakusikika. Akampandisha tena, mluzi tena. Mwishowe binti aliiweka maiki chini akamalizia shairi kwa sauti yake mwenyewe, na safu tatu za nyuma hazikuambulia kitu. Iliniuma sana. Spika zetu mbili kubwa, zile zenye ampu ndani yake, zimefungwa ukutani nyuma ya jukwaa, maana ukumbi ni mwembamba na hatukutaka zizibe njia.

La pili, waimbaji wanalalamika kwamba hawajisikii. Zipo spika mbili za sakafuni zinazowaelekea. Lakini Mzee akimshusha mwimbaji ili asiwafunike wenzake ukumbini, mwimbaji naye anapotea kwenye spika yake ya chini. Basi anaongeza kupaza sauti, na Mzee anamshusha zaidi. Nimewaona wakikodoleana macho wimbo mzima.

La tatu ni mvumo. Bendi ikija na kompyuta ya midundo, unasikia "mmmm" chini ya kila kitu. Wakichomoa chaja, mvumo unaondoka. Wakiirudisha, unarudi.

Siku jukwaa likijaa tunakuwa na waimbaji watatu, mshereheshaji mwenye maiki yake isiyo na waya, gitaa, gitaa la besi, kinanda na hiyo kompyuta. Ngoma hatuziwekei maiki.

Fedha tuliyotenga ni ya miksa moja ya bei nafuu, na sioni nyingine ya namna hiyo ikipatikana karibuni. Nikimfuata mdogo wangu, naona kama namwonyesha Mzee mlango. Nikimfuata Mzee, mdogo wangu, ambaye nusu ya fedha hiyo ni yake, ataona neno lake halina uzito. Nikichukua ile kubwa nimewaudhi wote wawili. Nichague ipi? Na yule nitakayemkosesha, nimwambie nini?

Mwenye ukumbi (jina limehifadhiwa)

*

Marahaba, mwanangu. Hujanisumbua hata kidogo. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu safu tatu za nyuma hazikusikia shairi, huyo nitamwandikia kwa moyo wote.

Unaniuliza miksa ipi kati ya tatu, na papo hapo unauliza nani akose. Umeyafunga maswali hayo pamoja: ya kidijitali imekuwa mdogo wako, ndogo ya analogi imekuwa Mzee, na kubwa ya mtumba imekuwa ya kuwaudhi wote wawili. Naomba tuyafungue kwanza. Nimezisoma zile shida tatu kwa makini, na sioni kama zote zinatoka kwenye miksa.

Tuanze na mluzi, maana ndio uliomnyamazisha yule binti. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inapandishwa, inatoka tena kwenye spika, na mzunguko huo unajizidisha mpaka unapiga kelele. Wewe umeniambia, kama jambo la kupita tu, kwamba spika zimefungwa ukutani nyuma ya jukwaa. Hebu kasimame pale aliposimama yeye. Maiki inamtazama usoni, na kwa hiyo inautazama pia ukuta ulio mgongoni mwake, ambao ndio wenye spika. Maiki nyingi za jukwaani, ikiwemo Shure SM58 ambayo iko sokoni tangu 1966, zimetengenezwa zisikie vizuri kilicho mbele yake na zisikie kidogo sana kilicho upande wa mkia, kule waya unakotokea. Mahali spika zenu zilipo, ni kama mmezielekeza kwenye sikio la maiki. Hakuna miksa ya bei yoyote inayoweza kulibadilisha hilo. Ya kidijitali itakupa ikolaiza nzuri (vidhibiti vya kupandisha au kushusha sauti nene na nyembamba) ya kukata yale masafa, yaani viwango vya unene na wembamba wa sauti, yanayolia, na huo ni msaada wa kweli, lakini kila unachokikata kwa ajili ya mluzi unakikata pia kwenye sauti ya msomaji.

Kwa hiyo kabla fedha haijatoka, chagueni siku ukumbi uko mtupu. Ziteremsheni spika mziweke mbele ya mstari wanaposimama wasomaji, moja kila upande, zikiwatazama watu. Kama njia ni nyembamba, zinaweza kufungwa juu kwenye kuta za pembeni, mradi ziwe mbele ya maiki na zimefungwa na mtu anayejua kupima uzito wake. Kisha mtu asome kwa sauti ya chini kama ya yule binti, na Mzee apandishe taratibu mpaka pale mluzi unapoanza kunong'ona. Jaribuni pia kuisogeza maiki. Ukipunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, unapata takriban desibeli 6 za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kugusa nobu yoyote. Na msomaji anapokuwa peke yake, zile maiki za waimbaji zifungwe kabisa, kwa sababu kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, nafasi ya kupandisha sauti kabla ya mluzi hupungua kwa karibu desibeli 3. Mzee bila shaka anayajua haya. Ninachojiuliza ni kama amewahi kuulizwa spika zikae wapi, au alizikuta ukutani kama nyinyi mlivyoikuta miksa.

Mvumo wa kompyuta nao usiubebeshe miksa mpya kabla ya kuupeleleza. Chaja ikichomekwa, kompyuta inapata njia yake ya erthi, spika zina njia yao, na waya wa sauti unaziunganisha njia hizo mbili ziwe duara moja. Umeme mdogo unaozunguka humo ndio mnaousikia. Wakati mwingine ni chaja yenyewe yenye kelele. Dawa ya kawaida ni boksi dogo la kutenganisha, lenye transfoma ndani, linalowekwa kati ya kompyuta na miksa, ili sauti ipite na ule mkondo usipite. Tafadhali mtu asije akawashauri kuikata pini ya erthi kwenye plagi. Mvumo utaondoka kweli, na siku kifaa kikivujisha umeme, mwimbaji aliyeshika maiki ndiye atakayeupokea.

Lile la pili, la waimbaji kutojisikia, ndilo la miksa hasa. Spika za sakafuni hulishwa na nobu iliyoandikwa AUX kwenye kila chaneli. Nobu hiyo inaweza kuichukua sauti kabla haijafika kwenye kitelezi cha chaneli, kile kinachosukumwa juu na chini, au baada ya kukipita. Ikichukua baada, ukishusha kitelezi kwa ajili ya watu wa ukumbini, mwimbaji naye anashuka kwenye spika yake. Hicho ndicho ulichokiona wakikodoleana macho. Ikichukua kabla, vitu hivyo viwili vinakuwa mbali mbali: Mzee anamshusha ukumbini na yeye anaendelea kujisikia vilevile. Tazameni kwenye miksa ya zamani kama kuna kitufe kimeandikwa PRE. Kama kipo na hakijabonyezwa, ugomvi wa wimbo mzima unaweza kuisha leo. Kama hakipo, basi mmeshapata sharti la kwanza la miksa mpya, yoyote iwayo: lazima iwe na AUX ya kabla ya kitelezi, na ikiwezekana mbili, kila spika ya sakafuni na yake.

Sasa hesabu. Umenipa orodha nzuri, kwa hiyo tuitumie. Waimbaji watatu na mshereheshaji ni maiki nne. Gitaa na besi, kila moja kupitia boksi la DI (linalogeuza sauti ya chombo ifae tundu la maiki), ni mbili. Jumla sita zinazohitaji tundu la XLR, lile la pini tatu, lenye kipandisha sauti cha maiki nyuma yake. Kinanda kinachukua nafasi mbili za laini, yaani za vyombo visivyohitaji kipandisha sauti cha maiki, kushoto na kulia, na kompyuta mbili. Kumi kwa jumla. Ingawa katika ukumbi wa watu tisini gitaa lenye ampu yake jukwaani mara nyingi linajitosheleza, na kinanda hakidhuriki kikipita kwenye chaneli moja. Kutoka nje mnahitaji kushoto na kulia kwa ajili ya ukumbi, na njia mbili za spika za sakafuni.

Ishike karatasi hiyo unaposoma maneno yaliyo kwenye maboksi, kwa sababu namba kubwa ya mbele haisemi kile mnunuzi anachodhani. Yamaha MG10XU, miksa ndogo ya analogi, ina kumi katika jina lake, lakini maiki inazopokea ni nne, na zilizobaki ni nafasi za laini. AUX yake ni moja, tena ni ileile inayotumika kupeleka sauti kwenye mwangwi wa ndani. Chaneli zake pia hazina vitelezi, zina nobu za kuzungusha, na kwa mtu anayesema anaishika sauti kwa vidole hilo si dogo. Kaka yake, MG12XU, inapokea maiki sita, ina vitelezi, na AUX mbili ambazo mojawapo ni ya mwangwi. Ukiilinganisha na karatasi yako, inatosha kwenye kuingiza, ila haina akiba hata ya tundu moja, na ukitumia mwangwi spika za sakafuni zitabaki na njia moja. Simaanishi kwamba ni mbaya. Sauti yake ni safi, mtu yeyote anaweza kuisoma kwa macho, na ikiharibika chaneli moja nyingine zinaendelea. Lakini nimeitumia kukuonyesha kwamba "kumi na mbili" ya Mzee inaweza kuwa yenye maiki nne au sita kutegemea ni ipi, na hapo ndipo watu huumia baada ya kulipa. Angalia vilevile kama kila chaneli ya maiki ina kitufe cha kukata besi, kwa kawaida kwenye hezi 80 au 100. Ni kitufe kidogo, na kinaondoa ngurumo ya hatua za jukwaani na pumzi za msomaji kuliko nobu yoyote.

Upande wa mdogo wako mambo ni mapana, na sitaki umpuuze. Chukua familia ya X Air ya Behringer kama mfano. XR12 inapokea maiki nne na ina njia mbili za AUX, XR16 maiki nane na njia nne, XR18 maiki kumi na sita na njia sita. Kila chaneli ina ikolaiza ya sehemu nne za masafa unayoweza kuihamisha mpaka kwenye masafa yaleyale yanayolia, ina kompresa (ya kuzuia sauti isipande ghafla), na njia za kutokea zina ikolaiza zake. Pia inahifadhi mipangilio. Kwa ukumbi kama wenu hilo lina thamani yake: mkutano wa Jumatano unakuwa na mpangilio wake, washairi wao, bendi wao, na mtu asiye fundi anaweza kuuita wa mkutano akaketi. Soundcraft Ui12 na Ui16 zinaendeshwa kupitia kivinjari cha intaneti, kwa hiyo hata simu au kompyuta ya kawaida inafungua bila kuweka programu.

Hatari zake ni za namna nyingine. Masanduku haya yana Wi-Fi yake ndani, na ukumbi ukishajaa watu tisini wenye simu mifukoni, mawimbi yanasongamana. Wengi huishia kununua ruta ya nje inayotumia gigahezi 5, na ruta hiyo iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, sambamba na kishikwambi chenyewe. Muunganisho ukikatika sauti haikatiki, miksa inaendelea na mpangilio wa mwisho. Lakini kama ulikatika mluzi ukiwa unaanza, huna kitelezi cha kukimbilia. Kwa hiyo hofu ya Mzee ina msingi wake. Kuna kinga pia: kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa mtandao, ikae wazi muda wote kando ya kishikwambi. Na zipo miksa ndogo za kidijitali zenye kioo na nobu juu ya mwili wake, kama CQ-12T ya Allen & Heath, ambazo mtu anaweza kuzishika bila Wi-Fi yoyote. Bei yake hupanda, kwa hiyo sijui kama zitaingia kwenye mfuko wenu, ila ni vizuri ujue kwamba kati ya pande hizi mbili kuna watu wa katikati.

Ile kubwa ya mtumba naielewa mvuto wake. Nataka tu nikuulize: chaneli 24 ni za nani? Karatasi yako ina kumi. Mkikua mtaongeza viti, na kuta zitabaki palepale, sidhani kama jukwaa litabeba watu zaidi ya hao. Miksa kubwa inachukua meza nzima, pengine na nafasi za watu sita wa safu ya nyuma. Ikiwa bado inakuvuta, usiinunue kwa kuitazama. Nenda na Mzee, mchukue maiki moja na hedifoni, mpite chaneli baada ya chaneli: kila nobu izungushwe mpaka mwisho, kila kitelezi kisukumwe juu na chini, kila kitufe kibonyezwe. Mkwaruzo mdogo unaoisha baada ya kuzungusha mara chache ni vumbi. Usioisha ni nobu iliyochakaa. Chaneli inayopotea na kurudi mara nyingi tatizo lake ni tundu la insati (la kuunganishia kifaa cha nje kwenye chaneli) lililoota kutu ndani, na ukiingiza jeki na kuitoa mara kadhaa sauti inarudi (jaribuni hilo hata kwenye hiyo yenu ya zamani inayogongwa ubavuni). Ulizeni pawa saplai yake ni ya ndani au ya nje, na kama ya nje, ikifa mtapata wapi nyingine. Kwa Mzee mwenye mikono ya kutengeneza, miksa kama hiyo inaweza kuwa mali. Asipokuwepo, itakuwa mzigo wa nani?

Na hapo nafika kwa watu, ambako nadhani ndiko usingizi wako ulikopotelea.

Unaandika kana kwamba Mzee hawezi kishikwambi. Alichosema yeye ni kwamba anaogopa kuchelewa wakati mluzi umeshaanza. Hayo ni mambo mawili, na la pili ni la fundi anayejua kazi yake. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa naye mchana, ukumbi mtupu, akampa kile kishikwambi mkononi bila haraka? Inawezekana akakipenda. Inawezekana akakirudisha akisema hapana, na hapo atakuwa amekataa kitu alichokijaribu, nawe utakuwa na jibu badala ya dhana. Jambo moja linaweza kumvutia: kwa kishikwambi anaweza kwenda kusimama safu ya mwisho akasikia wanachosikia watu wa nyuma, na kuirekebisha sauti akiwa hapohapo. Kwenye meza yake ya sasa hawezi.

Na mdogo wako unamwandika kama mtu ambaye neno lake lisipopita ataumia. Huenda. Lakini yeye huja mwisho wa wiki tu. Ningependa umuulize kwa upole, si kwa kumtega: Jumatano asubuhi, mkutano umeanza, kishikwambi kimegoma kuunganika, nani atapigiwa simu, na je, saa hizo atapokea? Akiwa na jibu zuri, pendekezo lake linapata nguvu. Asipokuwa nalo, yeye mwenyewe atalipima upya bila wewe kumkatalia. Kuna na swali la upande wa pili ambalo si rahisi kulisema mbele ya Mzee: siku akiugua, au akichoka kuja kwa mapenzi, ni miksa gani ambayo wewe mwenyewe unaweza kuiendesha? Barua yako nzima umetaja mikono ya watu wawili, ya kwako hukuitaja hata mara moja. Wewe ndiye uliye ukumbini kila siku.

Kama kuna mahali mnapoweza kukodi au kuazima, jaribuni kila aina usiku mmoja wa kweli kabla ya kununua, Mzee akiwa kwenye usukani na mdogo wako kando yake. Mkifanya hivyo baada ya spika kuhamishwa, mtakuwa mnapima miksa yenyewe. Mkifanya kabla, mluzi utaendelea na lawama itaiangukia mashine isiyo na kosa.

Yule ambaye chaguo lake halitapita, sidhani kama anahitaji maneno matamu. Mwonyeshe ile karatasi ya kumi na AUX mbili, mwambie kwa nini, kisha mwachie sehemu ya kazi ambayo ni yake kweli. Ikija analogi, mdogo wako anaweza kushika kurekodi, kwa kuwa nyingi kati ya hizi ndogo zina USB ya kupeleka kushoto na kulia kwenye kompyuta. Ikija ya kidijitali, ile mipangilio ya mkutano, ya washairi na ya bendi aitengeneze Mzee kwa masikio yake, na isibadilishwe bila yeye. Na hilo la kutomlipa anavyostahili umelisema wewe, mimi nimelisoma tu. Huenda anapotikisa kichwa kuna zaidi ya kishikwambi anachokataa, huenda hakuna. Muulize mkiwa wawili tu, kabla ya mazungumzo ya miksa.

Fedha yote msiimalizie kwenye miksa. Mabaki yanunue maboksi mawili ya DI, lile la kutenganisha kompyuta, stendi za spika na kebo chache za XLR za akiba. Mkishahamisha spika na kujaribu na yule binti wa shairi, kama atakubali kurudi, niandikie mlisikia nini. Nitapenda kujua pia kama kile kitufe cha PRE kilikuwepo.